Mgongo Wangu na Maziwa ya Mama

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, umejifunika shuka wakati wenzako wanajipepea, na umeshameza dawa za malaria mpaka mate yamekuwa machungu, basi nakuandikia wewe. Wengine wanakaribishwa kusoma, lakini wewe ndiye ninayekujua. Najua unavyojifanya umezama kwenye simu ili jirani asikuulize unaumwa nini, maana jibu huna. Nimekaa hapo, tena sana.

Siku hizi nainama na kufunga kamba za viatu vyangu mwenyewe. Kila ninapofanya hivyo nastaajabu, na sitanii. Mke wangu Neema amezoea kunikuta nimesimama katikati ya chumba nikiangalia miguu yangu. "Umepoteza nini?" huniuliza. Sijapoteza kitu. Naangalia tu jinsi mwili unavyokubali kufanya kazi bila kuombwa, jambo ambalo zamani nililiona la kawaida kama ugali.

Mimi naitwa Yoeli. Kwa sababu ya urefu wangu, wachezaji wenzangu waliniita Mlingoti. Nilikuwa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu hapa Dodoma, katika timu iitwayo Nyika. Usinijengee picha ya magari na majumba. Nililipwa ili niruke, basi, na kazi nyingine niliyoijua ni kuchunga ng'ombe. Timu yenyewe ilikuwa hoi. Tulifungwa nyumbani, tukafungwa ugenini, tukafungwa hata na vijana wa chuo waliokuja kwetu kujifunza. Watu wa Majengo wakituona tunakatiza sokoni na jezi zetu walitupa pole kabla hatujafika uwanjani. Kocha wetu, Mzee Sefu, mtu wa mjini hasa, ambaye ukoo wake ulifika hapa na misafara ya biashara, alitufariji kwa kusema kwamba timu ni kama shamba la Dodoma: unalima kila mwaka, na mwaka mmoja mvua itanyesha.

Kazi yangu ilikuwa chini ya ringi, kudaka mipira iliyokosa. Kwa timu inayokosa sana, hiyo si kazi ndogo.

Ugonjwa ulianza katikati ya kiangazi, wakati upepo wa hapa kwetu unabeba vumbi na mifuko ya plastiki na hasira za watu. Asubuhi nilikuwa mzima kabisa. Jioni, wakati ng'ombe wanarudi zizini, homa nayo ilirudi kwangu. Viungo viliuma kimoja baada ya kingine: leo goti, kesho bega, keshokutwa nyonga. Nililala mkavu nikaamka nimelowa chapachapa, na Neema akawa anaanika godoro uani kila asubuhi. Jirani mmoja akamuuliza kwa upole kama mumewe ana tatizo la kukojoa kitandani. Neema alirudi ndani akacheka mpaka akalia, na sikujua ni lini kicheko kiliisha na kilio kikaanza.

Nilimeza dawa za malaria. Zilipokwisha nikameza za taifodi. Nilipimwa hapa nikaambiwa sina kitu, nikapimwa pale nikaambiwa nipumzike. Mchezaji mwenzangu mmoja akanong'ona kwamba huenda nimelogwa na timu pinzani. Kocha Sefu akamkatisha: "Nani apoteze uganga wake kumloga mchezaji wa Nyika?" Tulicheka wote, lakini mimi nilicheka nimeshika kiuno.

Kila Jumamosi mama alikuja kutoka Ihumwa, ambako ndiko kwetu, na kibuyu kimoja cha maziwa yaliyokamuliwa alfajiri na kingine cha maziwa ya mgando. Wenzangu wa mjini hawakuyapenda, walisema yananuka moshi. Kwangu harufu ile ndiyo nyumbani penyewe.

"Umekonda, mwanangu," alisema, na kunikalisha kitako kama mtoto. "Kunywa. Mchezo unakumaliza."

Nilikunywa. Kadiri nilivyokonda ndivyo alivyoleta mengi zaidi, na kadiri alivyoleta ndivyo nilivyozidi kukonda. Mama alianza kuja na Jumatano pia.

Kisha likaja la aibu, nami nitalisema kwa sababu wanaume wenzangu hawalisemi. Korodani moja ilivimba, ikauma, nikawa natembea kama mtu aliyepanda punda siku nzima. Nilimficha Neema. Nilimficha kocha. Nilivaa bukta mbili na kwenda mazoezini, na mpira uliponigonga mapajani niliona nyota mchana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na Neema, ambaye alinikuta nimeganda bafuni nashindwa kutoka. Hakunigombeza. Alifunga kanga, akachukua pochi, tukaenda hospitali.

Hospitali ile ina sehemu ya zamani iliyojengwa enzi ya Mjerumani, yenye kuta za mawe nene na ubaridi wake wa ndani. Ndiyo sehemu ya kusubiria. Nimekaa humo mpaka nikayajua mawe yote. Nilitetemeka, na mzee mmoja mfugaji aliyekaa kando yangu, bila kuniuliza kitu, akavua shuka lake jekundu la pili na kunitupia mabegani. Nilipomwamkia akaitikia, akaendelea kuangalia mlango. Nilipoitwa ndani nikataka kulirudisha. Akasema, "Nenda nalo. Mimi nitakuwa hapa hapa, sisi wazee hatuitwi haraka." Sijui kama unanielewa, lakini siku ile shuka la mtu nisiyemjua lilinifanya niamini kwamba nitapona.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, sauti ndogo, Daktari Zawadi. Alisikiliza yote, hata la bukta mbili, bila kutabasamu. Halafu akaacha habari zangu na kuniuliza ya nyumbani.

"Kwenu mnafuga?"

"Ndiyo, daktari. Ng'ombe, kule Ihumwa."

"Kuna ng'ombe aliyetupa mimba mwaka huu?"

Nilimtazama Neema, Neema akanitazama. Yupo. Anaitwa Madoa. Alikwama kabla ya msimu wa upepo, ndama akiwa amefia tumboni, na mimi ndiye niliyeitwa kumvuta. Pale Ihumwa ng'ombe yeyote akikwama wananiita mimi, kwa sababu hakuna mwenye mkono mrefu kama wangu. Ule mkono wa kudakia mipira niliuingiza mpaka begani, mtupu, nikamtoa ndama, nikajifuta kwa majani makavu na kuketi kunywa chai huku watu wakinisifu. Nilimsimulia daktari hayo, na nilipofika kwenye chai alifumba macho kidogo.

"Na maziwa mnachemsha?"

"Hapana, daktari. Kwetu hayachemshwi."

Alinipima damu akiwa na jina la ugonjwa tayari kichwani: brusela. Wafugaji wanaujua kwa ng'ombe kama ugonjwa wa kutupa mimba. Wengi hatujui kwamba unavuka kuja kwa mtu. Miezi yote ile ya kuteseka, na mtu ambaye hajawahi kuliona zizi letu alikuwa ameingia ndani yake kwa maswali matatu.

Nikaanza dawa. Sindano kila asubuhi, makalioni, upande huu leo na ule kesho, mpaka nikawa naangalia mazoezi ya wenzangu nikiwa nimesimama. Vidonge navyo viligeuza mkojo wangu ukawa rangi ya chungwa lililoiva, na siku ya kwanza nilipiga ukelele uliowaleta majirani. Wewe usishtuke, ndivyo ilivyo. Kisha jioni moja homa haikuja. Nilikaa uani na shuka langu nikiisubiri kama mgeni aliyeahidi, giza likaingia, haikuja. Nilimwita Neema aje ashike paji la uso wangu. Alishika, akaacha mkono wake pale muda mrefu.

Lililobaki lilikuwa kumwambia mama kwamba sitakunywa maziwa yake.

Hapa lazima nikueleze jambo la ukoo wetu. Enzi ya Mjerumani, vita vilipofika huku bara, askari walipita vijijini kuchukua nafaka na ng'ombe, na njaa iliyofuata ilifagia watu. Bibi mzaa babu yangu alikuwa na mtamba mmoja, ng'ombe ambaye hajazaa bado. Alimwingiza ndani ya tembe, akamficha nyuma ya vihenge vya nafaka, na askari walipoingia uani yule mtamba hakulia. Kwetu jambo hilo husimuliwa kwa sauti ya chini hata leo: hakulia. Alizaa, na maziwa yake ndiyo yaliyowavusha watoto wa nyumba ile. Ng'ombe wote wa mama ni uzao wake. Na kwetu tunaamini kwamba ukiyatia maziwa motoni, chuchu za ng'ombe aliyeyatoa zinaungua na kukauka. Kwa hiyo tangu wakati ule hakuna mwanamke wa nyumba yetu aliyewahi kuchemsha maziwa ya ng'ombe hao.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mlenda.

"Daktari wako," alisema, "anajua kwamba maziwa haya ndiyo yaliyomlea babu yako?"

"Hajui, mama."

"Basi hajui."

Ndipo tulipofikia mapatano, na mapatano hayo ndiyo yaliyoniangusha. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi sitakunywa. Lakini yale ya mgando, yanayokaa kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto mpaka ndani kikawa cheusi, hayo ni mengine. Hayo moshi umeshayamaliza. Mama aliamini hivyo, na mimi niliamini hivyo kwa moyo wote, na hata shangazi zangu waliokuwepo waliona ni busara. Moshi ule unafukuza mchwa na kukausha nyama. Tulidhani utashindwaje na kidudu kisichoonekana? Nikawa naenda Ihumwa kila Jumapili baada ya kanisa kula ugali wa uwele na mgando. Neema sikumwambia, kwa sababu sikuona la kumwambia.

Mvua zilipoanza nilirudi uwanjani. Kwa wiki chache tulikuwa timu. Tulishinda mechi, kisha, watu wa Majengo wasiamini, tukashinda nyingine. Kocha Sefu alikuwa akitembea sokoni taratibu ili asalimiwe.

Halafu mechi moja, kati ya manyunyu na manyunyu, saruji ikiwa bado na madimbwi, niliruka kudaka mpira. Niliudaka. Niliposhuka, kitu katika mgongo wangu kilishika, kama mtu aliyefunga mlango kwa ndani. Nilijikuta chali. Refa akapuliza filimbi, akaja juu yangu, "Inuka, Mlingoti." Nikamwambia nainuka. Nikajaribu. Mwili haukutaka. Nilijaribu tena nikasikia sauti, na sauti ile ilikuwa yangu. Wachezaji wa timu zote mbili walininyanyua kwa benchi la wachezaji wa akiba, wakatembea nami polepole wakikwepa madimbwi, na yule mchezaji mkubwa wa wapinzani, aliyekuwa akinikanyaga vidole mechi nzima, alishika kichwa changu kwa viganja vyote viwili ili kisitikisike. Nikaona mawingu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na papo hapo nikashangaa kwamba watu wanaweza kuwa laini kiasi kile.

Ugonjwa ulikuwa haujaisha. Ulikuwa umehamia kwenye uti wa mgongo. Daktari Zawadi aliniuliza nimekula nini, nikamweleza habari ya kibuyu na moshi. Neema alikuwa amesimama pembeni na chupa ya chai mkononi.

"Moshi unatia harufu," daktari alisema taratibu. "Haupiki."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Neema, kisha akatoka nje. Nilimsikia kwenye korido akilia kwa hasira.

Nilimuuliza daktari kama nitacheza tena. Hakuzunguka. "Kutembea utatembea. Kukimbia na kuruka, sijui. Dawa zitakuwa za muda mrefu zaidi, na usipoziba njia uliyoingilia ugonjwa, hata kutembea sikuahidi." Nilizifikiria kazi zote duniani, nikaona zote zinahitaji mgongo.

Kesho yake mama akaja wodini na kibuyu. Neema alikuwa mlangoni. Nilikuwa nimelazwa chali, siwezi kugeuka, lakini wodi nzima ilinyamaza, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hajambo?"

"Hajambo kidogo. Mama, hicho kibuyu hakiingii."

"Unanizuia kumlisha mwanangu?"

"Nakuzuia, mama. Nisamehe, lakini nakuzuia."

Sikuwahi kusikia mkwe akiambiwa hivyo, na nadhani hata mama hakuwahi. Kisha nikasikia kandambili zake zikiondoka kwenye korido ile ndefu ya mawe, pamoja na kibuyu chake.

Hakurudi. Ukinyonywa nguvu na homa unakuwa mtoto. Nilimlilia mama yangu nikiwa na ndevu. Neema aliniogesha, akanigeuza, akanilisha, na hatukumtaja mama hata siku moja, jina lake likawa kama samani kubwa ambayo wote wawili tunaipita kwa ubavu. Miguu yangu ilikonda mpaka magoti yakaonekana makubwa kuliko mapaja. Nywele zilinyonyoka zikabaki kwenye mto wa kulalia. Ngozi ya visigino, iliyokuwa ngumu kwa miaka ya kuruka, ililainika kama ya mtoto mchanga, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, sijui kwa nini. Kocha Sefu alikuja na ubuyu wa pakiti na habari za timu. "Tumefungwa bila wewe kama tulivyofungwa ukiwepo," alisema, "kwa hiyo usijione." Kisha akageukia ukutani kidogo, akajifuta macho, akauliza kama wodini wanatoa chai.

Niliporuhusiwa kutoka palikuwa na shida moja. Neema anafanya kazi Mtumba, kwenye ofisi za serikali. Huondoka alfajiri na kurudi jioni. Mimi kukaa kitako peke yangu nilikuwa siwezi. Hatukuwa na pa kwenda ila Ihumwa. Neema alimpigia mama simu. Maongezi yalikuwa mafupi, nami sikuambiwa walisema nini.

Bajaji ilikwenda polepole mno hata baiskeli zikatupita, na kila tuta nililijua kwa jina la maumivu yake. Tulipoingia uani mama alikuwa amechuchumaa mafigani, mgongo wake kwetu. Juu ya mafiga kulikuwa na sufuria mpya, ingali na karatasi ya dukani ubavuni. Ndani yake kulikuwa na maziwa, na yalikuwa yakipanda. Mama hajui kuchemsha maziwa, angejulia wapi? Aliyaangalia yanavyopanda kwa mshangao, na yakafurika, yakazima moto, moshi ukatufunika wote.

Neema aliniegemeza ukutani, akaenda kuchuchumaa kando yake. Akachochea kuni, akazipunguza, akachukua mwiko. "Ukiona yanataka kupanda, mama, unayainua hivi. Halafu unarudisha." Mama akafanya hivyo. Wakakaa pale mabega yao yakigusana, wakiinua na kurudisha, na hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha kwa maneno.

Baadaye, Neema alipokwenda kisimani, nilimuuliza mama kama sasa anamwamini daktari.

"Simwamini," alisema.

"Sasa mbona umechemsha?"

"Niliwaza zizi zima, ng'ombe mmoja mmoja. Nikajua chuchu zao zitakauka. Nikasema, zikauke."

Naomba uelewe alichofanya mama yangu. Aliyeelimishwa na daktari akachemsha maziwa hajafanya jambo kubwa. Mama hakuelimika. Aliamini kabisa kwamba anaua uzao ule wa mtamba ambaye Mjerumani alishindwa kumpata, aliokabidhiwa na waliomtangulia, na akawasha moto. Usiku ule hakula. Alfajiri, nikiwa nimelala karibu na mlango, nilisikia nyayo zake zikienda zizini, zikisita. Kisha nikasikia maziwa yakigonga chombo, mchirizi mmoja, halafu mwingine, halafu mfululizo. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyeona malaika akipita na kuamua kutomwambia mtu.

Baadaye tulimwita afisa mifugo. Aliwapima ng'ombe, na Madoa alikutwa na ugonjwa ule, pamoja na wenzake kadhaa, wakachinjwa. Mama alimtoa Madoa zizini mwenyewe, kwa kamba. Zizi letu sasa ni dogo, na maziwa yanachemshwa kila siku, na shangazi zangu wamefuata baada ya kunung'unika sana. Mimi nikiitwa kwa ng'ombe aliyekwama navaa glovu ndefu za afisa mifugo, na watu wananicheka kwamba nimekuwa mzungu.

Wakati wa kuvuna uwele nilikaa kitako bila kushikwa. Baridi ya kipupwe ilipokuja nilitembea mpaka reli na kurudi, nikiwa na fimbo kama babu, na abiria wa treni wakanipungia mkono. Nilianza kudunda mpira uani, kuku wakahama. Kliniki nilikwenda mpaka nikawa mwenyeji wa benchi lile. Naingia, nawaamkia wazee, "Mbukwenyi," wanaitikia, tunasogezana. Yule mzee wa shuka jekundu sikumwona tena, na shuka lake bado ninalo. Kila nikiingia namtafuta.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye benchi: waambie kama kwenu mnafuga. Waambie hata wasipouliza. Sema na la aibu. Maliza dawa hata homa ikikuacha, usifanye mapatano na kibuyu. Na mwenye kukuletea kwa mapenzi kilichokudhuru, usimchukie, wala usikinywe.

Siku daktari aliposema, "Jaribu, ukiumia acha," nilirudi Nyika. Sikuwa yule wa zamani, nakuambia wazi. Niliruka kama mtu anayevuka mfereji. Kocha aliniingiza robo ya mwisho, na tulikuwa tumeshaachwa mbali sana kiasi kwamba mashabiki wengine walikuwa wakielekea nyumbani.

Mama alikuja. Katika miaka yote ya kazi yangu hakuwahi kuja kuona ninachokifanya. Neema alimkalisha mstari wa mbele, na yeye akakaa wima na mkoba wake mapajani kama yuko kanisani.

Mpira ulikosa ringi, nikauendea, nikagongana na mtu, nikaanguka chali kwenye saruji. Kocha alishika kichwa. Nililala pale nikisikiliza mgongo wangu, na mgongo haukusema kitu. Nikageuka, nikaweka kiganja chini, nikainuka.

Hapo mama akapiga kigelegele. Kirefu, cha harusi, mpaka refa akasahau kupuliza filimbi. Wapinzani wakaangalia ubao wa pointi kuona nani amefunga. Kijana mmoja nyuma yake akamgusa bega kwa adabu, "Mama, sisi ndio tunaofungwa." Mama hakumsikia. Nilianguka mara nyingine kabla ya mechi kwisha, nikainuka, naye akapiga tena, amesimama sasa, mkoba umeanguka, na safari hii Neema akamwitikia.